Nitwishe

Ukumbini Shangani kiyoyozi kinakohoa.
Bendera tatu zimepangwa kama vijana wa jando,
yetu katikati, mwenyeji,
na mimi nyuma yake na kidaftari, mkalimani:
mshahara wangu ni kubeba maneno ya watu
bila kuonja.

Tumefika ibara ya tisa.
Gati wataliongeza kina, reli wataileta,
korosho zitabanguliwa hapa hapa Mtwara,
mashine bure, mafundi bure, miaka kumi.
Halafu chini, kwa herufi za kawaida tu
(hawa hawafichi kitu, ni waungwana),
neno moja, kwa lugha yao laini kama sabuni.
Naweza kulitua kwa Kiswahili likawa "pamoja na".
Naweza kulitua likawa "nyuma ya".
Siku mataifa yatakapoinua mikono,
wetu uinuke lini?

Nikanywa maji ya chupa. Nikamkumbuka mama.

Wewe uliyezaliwa penye bomba huijui Newala ile.
Watu wako juu, jirani na mawingu,
maji yako bondeni, mteremko wa kushukia visigino.
Mama, Somoe binti Nampota, alitoka jogoo la kwanza
na ndoo ya bati, na ngata ya khanga kuukuu
aliyoisokota mwenyewe, kila siku upya.
Ngata hakuazima.
Lakini ndoo ikijaa, hakuna shingo inayojiinulia.
Unamgeukia aliye karibu, hata mliyegombana jana,
hata mkimbizi aliyevuka Ruvuma juzi, usiyemjua jina,
unamwambia: nitwishe.
Anashika upande wa pili, hoo,
maji yanacheza, yanawamwagikia wote wawili,
kisha kila mtu na njia yake.
Aliyekutwisha hakuulizi unapika nini.

Ukaja mwaka wa lori.
Mzee Chilumba alinunua lori na mapipa kumi na mawili,
akasema kwa ukarimu wa kweli, sitamsingizia:
"Kina mama, pumzisheni shingo.
Maji nitawafikishia mlangoni, sitaki senti.
Ila kwenye kikao cha kijiji,
mkiniona nimenyoosha mkono, nanyi nyoosheni."
Wengi walikubali. Siwacheki, maji ni maji.
Mama alijibu, "Lori ni lako, baba.
Mkono wangu una kazi. Unashikilia ndoo."

Ningependa kuishia hapo.
Lakini mwaka ule alishuka bondeni peke yake,
hakuna wa kumtwisha, akarudi na nusu ndoo.
Mdogo wangu Lukia alioga Ijumaa hadi Ijumaa,
na mimi, kwa kiu, nilimchukia mama kimya kimya
nikitazama mapipa yakipita.
Korosho zilipolipa, alimfuata Chilumba barazani
akamwekea pesa mezani: pipa moja,
kwa bei yake, na risiti.
Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akaiandika.
Tangu siku hiyo walisalimiana kama watu wawili.

"Mkalimani, tunakusubiri."
Mkuu wa ujumbe wetu, miaka thelathini na minane, tai imembana.
Nchi yake imeanza kuitwa kwenye meza kubwa,
viti bado vinapangwa na wengine.
Mbele yake sahani ya korosho za kopo:
ziliondoka bandari hii na maganda yake,
zimerudi na chumvi na jina la kigeni.

Sichagui.
Nasema, "Mheshimiwa, neno hili lina milango miwili,"
naifungua yote.
Kimya. Kiyoyozi kinakohoa.
Anavua miwani, anaisogeza sahani, anaomba kalamu.
"Gati peke yake," anasema, "bila ibara ya tisa,
ni bei gani? Na tutahitaji risiti."

Wageni wanatazamana.
Nami nalitafsiri hilo, neno kwa neno,
shingo imeanza kuniuma.